Chumvichumvi: Habari za Mbolea na Dawa za Kuundwa katika Nchi ya Rungwe

Mkulima wa Rungwe anapozungumza habari za mbolea huzigawa mafungu mawili. La kwanza ni mbolea ya asili, yaani samadi, majivu na majani yaliyooza. La pili ni mbolea ya chumvichumvi, yaani ile inayokuja ndani ya mifuko kutoka viwandani. Mgawanyo huu hausikiki Tukuyu peke yake. Husikika kote Tanzania, na mabwana shamba wameutumia miaka mingi katika mafunzo yao. Lakini katika Rungwe unastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa huko vitu vilivyoundwa na wanakemia vimeingia kimoja baada ya kingine mahali pa vitu vilivyotoka katika mmea, mnyama au ardhi, na kila mara swali limekuwa lile lile: je, kitu kilichoundwa kiwandani ni kile kile kilichotoka shambani, au ni kingine? Wanakemia walianza kulijibu swali hilo mwaka 1828. Lugha haijalijibu hata sasa, na shauri hili haliwahusu wachunguzi wa maneno tu, kwani bei ya ua, ya jani na ya mfuko wa mbolea imefungamana nalo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili neno likirudiwa mara mbili si lazima maana yake izidi. Aghalabu hupungua, au huonyesha kitu kinachofanana na kile kilichotajwa. Majimaji si maji, bali ni hali ya kuwa na maji. Vivyo hivyo chumvichumvi si chumvi, bali ni kitu chenye sura ya chumvi. Yeyote aliyeziona chembe nyeupe za salfeti ya amonia, ambayo wakulima huiita kwa herufi zake mbili, S.A., ataona mara moja jina hilo limetoka wapi. Ajabu ni kwamba jina lililotolewa kwa kutazama kwa macho limepatana na elimu ya kemia. Mwanakemia naye huita chumvi kila kitu kinachopatikana asidi inapokutana na kinyume chake, na salfeti ya amonia hupatikana kwa kukutanisha asidi ya salfuri na amonia. Kwa hiyo ni chumvi kweli kweli. Hapo mkulima amepatia kuliko yule anayesema tu “mbolea ya kemikali”, maana hakuna mbolea isiyo ya kemikali, hata ile iliyo chini ya miguu ya ng’ombe.

Ng’ombe hao wana sehemu kubwa katika habari hii. Wanyakyusa walikuwa watu wa ng’ombe na migomba. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, walikuta watu walio hodari sana katika kutunza ardhi, waliolaza ng’ombe ndani ya nyumba zao na kustawisha migomba kando ya makao. Kinyesi na takataka za zizini hurudi migombani. Harufu kali inayochoma pua katika zizi lililofungwa usiku kucha ni harufu ya amonia. Hutoka katika mkojo: ndani ya mkojo wa ng’ombe, kama wa mwanadamu, mna kitu kinachoitwa urea, nacho kikianguka ardhini huvunjwa na vijidudu visivyoonekana, kikawa amonia, na hatimaye kikawa chakula cha mmea. Migomba ya Rungwe, basi, ilikuwa ikilishwa urea vizazi vingi kabla neno hilo halijafika huko.

Urea ndiyo hiyo hiyo iliyo katika mfuko wa chumvichumvi. Hapa mgawanyo wa mafungu mawili huanza kuyumba, na sababu yake ni lazima itafutwe mbali na Rungwe, mjini Berlin. Hapo, mwaka 1828, mwalimu wa kemia aitwaye Friedrich Wöhler alikuwa akijaribu kutengeneza sianeti ya amonia, ambayo ni chumvi ya maabara isiyo na uhusiano wowote na kiumbe hai. Alipoipasha moto na kuikausha alipata chembe nyeupe ambazo hazikuwa na tabia ya chumvi aliyoitafuta. Alipozipima aliona ya kuwa ni urea, sawasawa na ile iliyotolewa katika mkojo. Akamwandikia mwalimu wake wa zamani, Berzelius wa Sweden, ya kuwa ameweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo ya mtu wala ya mbwa. Katika siku zile wataalamu wengi waliamini ya kuwa vitu vya viumbe hai vina nguvu ya uhai ndani yake, na kwamba mkono wa binadamu hauwezi kuviunda. Imani hiyo haikuanguka kwa siku moja, kama vitabu vya shule vipendavyo kusimulia. Ilichukua miaka mingi na majaribio ya wengine, kama Kolbe aliyeunda asidi ya siki mwaka 1845. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Chumvi ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha mkojo.

Kazi ya kuunda kitu kimoja kutokana na vitu vidogo zaidi imepewa katika Kiswahili jina la usanisi, na wanafunzi wa sekondari hulijua zaidi katika neno usanisinuru, yaani kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ni neno jema. Sikio la msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake sanaa na usanii, na kwa hiyo halitengi kazi ya jani na kazi ya fundi.

Wamishonari wa Kimoravia walifika Rungwe mwaka 1891, miaka sitini na mitatu baada ya barua ya Wöhler, na hazikupita siku nyingi serikali ya Kijerumani ikajenga boma mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ambapo sasa ni Tukuyu. Mwaka 1904 chai ilipandwa Kyimbila, karibu na mji huo, miaka miwili tu baada ya kupandwa katika kituo cha utafiti cha Amani katika Usambara. (Kyimbila inajulikana na wanabotania kwa sababu nyingine pia: ndipo alipoishi Adolf Stolz, aliyekusanya mimea ya nchi hiyo kwa wingi, hata mimea mingi ikapewa jina lake.) Chai ilikubali ardhi ya Rungwe bila shida. Ni ardhi iliyotokana na majivu ya volkano, yenye asidi kidogo kama chai ipendavyo, na mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mvua hiyo hiyo huosha naitrojeni na kuipeleka mtoni, na mchumaji naye huondoa majani machanga, ambayo ndiyo yenye naitrojeni nyingi. Shamba la chai lisiporudishiwa kilichochukuliwa hudhoofika.

Zizi la ng’ombe lilitosha kwa migomba ya nyumbani; halikuweza kutosha kwa vilima vizima vya chai. Ulaya ilikuwa imekumbwa na shida ya namna hiyo mapema zaidi, ikaishi kwa kununua naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Chile. Mwaka 1909 Fritz Haber wa Karlsruhe alionyesha ya kuwa naitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, ikiwa itakandamizwa kwa nguvu kubwa, ikapashwa moto, na kupitishwa juu ya kitu cha kuharakisha. Carl Bosch alilikuza jaribio hilo kuwa kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kutoa amonia, ambayo iligeuzwa kuwa salfeti. Mwaka 1922 hapo hapo Oppau wakaanza kuunda urea kwa wingi, kwa kuiunganisha amonia na kaboni dayoksaidi. Urea ina naitrojeni asilimia 46 hivi, na salfeti ya amonia asilimia 21 tu. Ndiyo maana gari moja la urea hubeba chakula cha mmea kuliko magari mawili ya S.A., jambo lenye uzito kwa wilaya iliyo mbali na bandari kama Rungwe.

Tanzania ilijaribu kuifanya kazi hiyo nyumbani. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1972, kikafungwa mwaka 1991. Udhaifu wake ulikuwa wazi tangu mwanzo: amonia na malighafi nyingine kubwa zilitoka ng’ambo kwa meli, hata ikawa kilichoundwa Tanga ni hatua ya mwisho tu ya usanisi, na gharama yake ilikuwa kubwa kwa taifa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafuatwa na mpango wa kiwanda cha amonia huko Kilwa, lakini kiwanda hicho hakikujengwa. Basi mifuko mingi inayofika Tukuyu ni ya kununuliwa nje, na bei ya dunia ilipopanda ghafula mwaka 2021 na 2022, mlima viazi na mahindi wa Rungwe alionja uchungu wake hata serikali ikalazimika kuleta ruzuku.

Kwa wakulima wa chai mbolea iliyozoeleka ni ile ya namba 25:5:5, ambayo sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Wakulima wengine wa mazao mbalimbali hulalamika ya kuwa chumvichumvi huharibu ardhi. Malalamiko hayo mara nyingi hudharauliwa kama ujinga, na hiyo si haki. Salfeti ya amonia inapotumiwa miaka mingi huizidishia ardhi asidi. Chai huvumilia, hata hufurahi. Mahindi na maharage hayavumilii. Mkulima aliyehamisha mbolea ya chai akaitia katika mahindi, kisha akaona mavuno yakipungua baada ya miaka kadhaa, ameona jambo la kweli. Alichokosea ni kulihesabu kosa hilo kuwa la kila kitu kitokacho kiwandani, na kosa hilo chanzo chake ni neno, kwani chumvichumvi limevikusanya vitu vyenye tabia mbalimbali chini ya jina moja. Urea, tena, si chumvi hata kidogo.

Katika upande wa dawa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tukuyu iko juu, yapata mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, lakini ukishuka Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, hufika kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa yenye homa. Wajerumani walitegemea kwinini, iliyotoka katika ganda la mti wa sinkona. Vita vya 1914 vilipowakatia njia ya baharini, walitengeneza kwinini Amani kutokana na miti ya huko, na askari wa von Lettow-Vorbeck walikunywa maji machungu ya maganda yaliyochemshwa, wakayapa jina la pombe ya mkuu wao. Neu-Langenburg yenyewe ilitekwa na majeshi ya Northey mnamo Mei 1916.

Katika vita vya pili Japani iliteka Java mwaka 1942, na Java ndiko ilikotoka kwinini nyingi ya dunia. Safari hii kulikuwa na vitu vya kuundwa. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma walimezeshwa mepakrini, dawa iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, nayo iliwageuza watu rangi ya manjano. Klorokwini, iliyoundwa na Hans Andersag mwaka 1934, ikaja baada ya vita, na kwa miaka mingi ikawa dawa ya kila zahanati. Usanisi kamili wa kwinini yenyewe ulibaki kuwa shida ya wasomi: Woodward na Doering walitangaza mwaka 1944 ya kuwa njia imepatikana, lakini hakuna kiwanda kilichoitumia, kwa kuwa ganda la mti lilibaki kuwa rahisi zaidi. Vimelea vya malaria vilipoizoea klorokwini, Tanzania iliiacha mwaka 2001, na mwaka 2006 ikageukia dawa iliyopewa na watu jina zuri kuliko yote katika habari hii: dawa mseto. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Ndani ya kidonge hicho mna sehemu mbili, moja inayotokana na mmea wa artemisia na kurekebishwa maabarani, nyingine iliyoundwa yote na wanakemia. Aliyelileta jina hilo alikuwa akifikiria mchanganyiko wa dawa tu; lakini mseto wa shamba na kiwanda haukuwahi kuelezwa vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye ua la pareto, kwa maana hapo ndipo usanisi ulipogusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Kaskazini mwa Rungwe ardhi hupanda kuelekea safu ya Uporoto, na mashariki kuna milima ya Ukinga. Huko juu kuna baridi na ua hili hustawi. Asili yake ni Dalmatia, kando ya bahari ya Adria. Lilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha Tanganyika. Japani ilipokuwa adui, nayo ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa wa pareto, Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Maua hukaushwa, huuzwa, na bei yake hutegemea kile ambacho wakulima wenyewe hukiita kiwango cha sumu. Sumu hiyo huua wadudu upesi, huwadhuru kidogo tu watu na mifugo, na ikipigwa na jua huharibika baada ya muda mfupi.

Siri ya sumu hiyo ilitafutwa na Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, ambao mwaka 1924 walitangaza uchunguzi wao wa molekuli zake. Hesabu yao haikuwa sahihi kila mahali, lakini iliwaonyesha wengine pa kuanzia. Kwanza pareto ilipigwa na adui mwingine, D.D.T., kitu kilichoundwa mwaka 1874 na ambacho nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939. D.D.T. ilikuwa rahisi na ilidumu mno. Kudumu huko ndiko kulikoifanya ipigwe marufuku katika nchi nyingi kuanzia miaka ya 1970, na wakulima wa pareto wakapata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu. Mwaka 1949 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuunda alethrini, nduguye wa kwanza wa sumu ya ua. Kisha Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakaibadilisha molekuli hatua kwa hatua, hata mwaka 1973 wakatoa permethrini. Hii ilifanya kila kilichofanywa na ua, ila jua halikuiharibu upesi. Udhaifu wa ua ukawa umeondolewa, na pamoja nao ikaondoka sehemu kubwa ya soko la ua.

Permethrini ilirudi Afrika Mashariki kwa njia isiyotazamiwa. Ilitiwa ndani ya nyuzi za vyandarua, na tangu miaka ya 2000 kiwanda kimoja cha Arusha kimefuma vyandarua hivyo kwa mamilioni. Mama wa Kyela anayemlaza mwanawe chini ya chandarua chenye dawa analindwa na mjukuu wa ua lililolimwa katika milima anayoiona kutoka uani kwake. Hakuna anayeweza kusema ya kuwa usanisi huo ulikuwa hasara kwa nchi. Lakini faida ilikwenda kwa mtoto wa tambarare na hasara ikabaki kwa mlima pareto wa milimani, na mahesabu ya aina hiyo hayalipani yenyewe. Pareto haikufa. Kenya, iliyokuwa ya kwanza duniani, ilianguka vibaya. Tanzania iliendelea, na maua ya nyanda za juu za kusini hupelekwa Mafinga kukamuliwa. Wanunuzi wake sasa ni wale wanaotaka sumu isiyodumu, yaani wanaolipia ule ule udhaifu ambao Elliott aliuondoa. Kilimo chao huitwa kilimo hai, na hapo lugha imetega mtego wake tena, kana kwamba molekuli ya ua ni hai na ya kiwandani ni mfu.

Kwa nini chai haikupatwa na msiba wa pareto? Kafeini, ambayo ndiyo inayomwamsha mnywaji, iliundwa kikamilifu na Emil Fischer mwaka 1895, kabla mche wa kwanza haujapandwa Kyimbila. Leo viwanda huitoa kwa wingi kwa ajili ya dawa na vinywaji. Hata hivyo hakuna aliyeacha kununua jani. Mnunuzi wa pareto hununua kitu kimoja, nacho huweza kupimwa kwa asilimia. Mnunuzi wa chai hununua rangi, harufu, ukali na utamu kwa pamoja, na mengi kati ya hayo hayamo katika jani bichi. Huzaliwa kiwandani, Katumba au Mwakaleli, jani linaponyauka, likasagwa na kuachwa lipate hewa kabla ya kukaushwa. Huo nao ni usanisi, ila msanisi wake ni jani lenyewe, na fundi wa zamu ni msimamizi tu wa saa.

Limebaki jambo moja la nchi yenyewe. Rungwe ni nchi ya volkano, na Kyejo ulitapika moto yapata mwaka 1800. Moto umelala, lakini pumzi haijakoma: kaboni dayoksaidi hutoka ardhini mahali pengi, na katika mabonde ya Ikama hujikusanya chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hata wanyama wadogo hufa. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma, mashariki ya Kongo, wana neno la mahali kama hapo, mazuku, na wanajiolojia wamelichukua wakalitumia hata kwa Rungwe. Katika vitabu gesi hiyo imeitwa hewa ukaa, na majina haya mawili hayakutani kamwe, kama kwamba moja ni la pepo na jingine ni la mtihani. Huko Kyejo gesi hiyo huvunwa, husafishwa, hukandamizwa ndani ya mitungi na kupelekwa kwa watengenezaji wa soda na kwa mafundi. Ndiyo ile ile ambayo, ikiunganishwa na amonia, huwa urea. Lakini viwanda vya urea hujipatia gesi hiyo vyenyewe vinapotengeneza amonia, havina haja ya ile ya mlima. Na kwa hiyo magari ya mitungi huteremka kutoka Rungwe yakipishana njiani na malori ya mbolea yanayopanda.